Abdus Salam: kijana wa Jhang aliyeambiwa umeme hukaa Lahore

Wasee, leo twende Punjab, miaka ya thelathini ya karne iliyopita. Mji unaitwa Jhang. Ni mji mdogo, mkavu, wa wakulima. Wakati huo uko India chini ya Mwingereza. Leo uko Pakistan. Darasani mwalimu anafundisha nguvu za maumbile. Anaanza na uvutano, ile nguvu inayoangusha embe chini badala ya kulirusha juu. Hiyo ipo, hata Jhang wamesikia jina la Newton. Anakuja kwa sumaku, anatoa moja, watoto wanaiona. Alafu anafika kwa umeme. Huo, anawaambia, haukai Jhang. Hukaa Lahore, mji mkuu wa mkoa. Na nguvu ya kiini cha atomu? Hiyo hukaa Ulaya kabisa, kwa hivyo nyinyi msijisumbue nayo.

Kati ya watoto waliokaa kwa hilo darasa kulikuwa na kijana anaitwa Abdus Salam. Alipokua alipenda sana kuwasimulia watu hiyo hadithi. Na kazi aliyofanya maishani ni kama jibu kwa yule mwalimu, kwa sababu alionyesha kwamba umeme na mojawapo ya zile nguvu za kiini ni kitu kimoja.

Ukiwa Kibwezi hii stori haiko mbali hata kidogo. Jhang kwenda Lahore ni kama kilomita 200, na Kibwezi kwenda Nairobi ni karibu hivyo hivyo. Hata hao Wapunjabi si wageni kwetu. Reli ya zamani iliyopita Kibwezi miaka ya 1890 ikielekea Uganda ilijengwa na vibarua walioletwa kutoka India, wengi wao kutoka Punjab. Nenda Makindu hapo juu uone hekalu la Masingasinga, ni alama ya watu wa hiyo reli. Na ile akili ya kwamba vitu vikubwa hukaa kwingine tunaijua vizuri. Kibwezi tuna mibuyu, asali, mkonge na jua. Mambo ya fizikia ya kwanta, ah, hayo si yetu. Hayo hukaa Ulaya.

Sasa sikiza venye huyu msee alienda.

Alizaliwa tarehe 29 Januari 1926. Baba yake alifanya kazi katika idara ya elimu, kwa wilaya maskini ya wakulima. Pesa haikuwa nyingi lakini vitabu vilikuwepo. Akiwa na miaka 14 tu, alifanya mtihani wa kuingia Chuo Kikuu cha Punjab na kupata alama za juu kuliko mtu yeyote aliyewahi kuufanya. Alirudi mjini kwa baiskeli akakuta watu wametoka kumpokea. Hebu fikiria, mji mzima unasimama barabarani kwa sababu ya matokeo ya hesabu, si kwa sababu mwanasiasa anapita.

Alienda Lahore, Government College. Mwaka 1943, akiwa na miaka 17, alichapisha makala yake ya kwanza, kuhusu hesabu fulani za Ramanujan, yule gwiji wa India. Salam alionyesha njia fupi zaidi ya kuzitatua. Lakini baba yake hakutaka msomi. Alitaka mtoto afanye mtihani wa utumishi wa serikali ya kikoloni, apate kiti, apate mshahara, apate pensheni. Hii unaijua, si ndio? Hata hapa kwetu ukisema unataka kusoma fizikia tupu, swali la kwanza mezani ni kazi utapata wapi.

Kilichomuokoa ni bahati, na tuseme ukweli, watu wengi wenye akili huikosa. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia mkoa wa Punjab ulikuwa umekusanya pesa za kusaidia vita. Vita ikaisha, pesa ikabaki, ikageuzwa kuwa ufadhili wa masomo kwa watoto wa wakulima wadogo. Salam akapata, na mwaka huo huo wa 1946 akapata nafasi Cambridge, Uingereza, akapanda meli. Wenzake waliopewa ufadhili huo waliambiwa wangoje mwaka unaofuata. Mwaka uliofuata ulikuwa 1947. India ikakatwa mara mbili, Pakistan ikazaliwa, damu ikamwagika, na ule mpango wa ufadhili ukafa. Waliongoja hawakuenda tena.

Mimi niliacha chuo karo ilipokwama, kwa hivyo hapo kwa wale waliongoja huwa nakaa kidogo. Hakuna mtu anayeandika maisha yao.

Cambridge alimaliza hesabu na fizikia kwa daraja la kwanza, zote mbili. Alafu akaingia kwenye shida iliyokuwa inawasumbua wakubwa wote wa wakati huo. Na hapa lazima tuongee kidogo kuhusu kwanta yenyewe. Usihepe, ni rahisi.

Mwaka 1900 Mjerumani anaitwa Max Planck aligundua kwamba nishati haimwagiki kama maji kutoka kwa mtungi. Huja kwa vipande. Ni kama mandazi pale steji: unanunua moja, mbili, tatu, lakini hakuna anayekuuzia robo. Kipande kimoja cha mwanga tunakiita fotoni. Kutoka hapo wanafizikia wakajenga picha mpya ya ulimwengu, na ndani yake hata nguvu hubebwa na vipande. Elektroni mbili zikisukumana, zinatumiana fotoni, kama watu wawili wanaotumiana jumbe. Fotoni ndiyo mjumbe wa umeme na sumaku.

Shida ilikuwa kwamba ukifanya hesabu kamili ya hizo jumbe, jibu linatoka lisilo na mwisho. Namba inakua tu, haisimami. Kwa upande wa umeme, Tomonaga wa Japani na Wamarekani Schwinger na Feynman walikuwa wameshapata njia ya kufunga hesabu. Kwa chembe nyingine zinazohusika na nguvu ya kiini, mlango ulikuwa bado umefungwa. Salam, akiwa mwanafunzi tu, alipewa swali hilo na akalivunja ndani ya miezi michache. Kufikia 1951 jina lake lilikuwa linajulikana Ulaya na Marekani. Alikuwa na miaka 25.

Na hapo akafanya kitu ambacho wengi hawangefanya. Alirudi nyumbani.

Lahore ilimpokea na kiti cha profesa, lakini hapakuwa na mtu wa kuongea naye. Namaanisha hivyo hasa: hakuna mwenzake hata mmoja aliyekuwa anafanya kazi aliyokuwa anafanya yeye. Majarida ya kisayansi yalikuwa ya kutafuta kwa tochi. Mkuu wa chuo alimwambia utafiti asahau, achague kazi ya ziada: asimamie bweni, ashike hesabu za pesa, au awe mkubwa wa klabu ya kandanda. Salam akachagua kandanda. Mtu aliyekuwa ametatua swali lililowashinda maprofesa wa Ulaya sasa anahesabu jezi.

Mwaka 1953 Lahore ikawaka moto. Salam alikuwa wa jumuiya ya Ahmadiyya, na ghasia dhidi ya Waahmadiyya ziliingia mitaani. Mwaka uliofuata alirudi Cambridge kufundisha. Baadaye alieleza kwamba alilazimika kuchagua kati ya fizikia na Pakistan, na kwamba hakutaka kijana mwingine yeyote wa nchi maskini apewe chaguo kama hilo.

Shika hapo, kwa sababu ndiyo mizizi ya kila kitu alichofanya baadaye. Yule mwalimu wa Jhang alikuwa amekosea kuhusu nguvu lakini hakuwa amekosea kabisa. Nguvu hukaa kila mahali. Wanaokaa Ulaya ni watu wa kuongea nao kuhusu hizo nguvu.

Mwaka 1957 alipata kiti Imperial College, London. Na kipindi hicho hicho alipata pigo lililomfunza kitu. Alikuwa kwenye ndege usiku akitoka Marekani, akifikiria chembe ndogo sana inaitwa nyutrino. Akaona kwamba huenda maumbile yanatofautisha kushoto na kulia, kitu ambacho watu walidhani hakiwezekani. Aliposhuka alimpelekea wazo Rudolf Peierls, mtu mkubwa. Peierls akakataa. Wazo likafika kwa Wolfgang Pauli, mkubwa zaidi, naye akamtumia salamu atafute kitu cha maana zaidi cha kufanya. Salam akachelewa kuchapisha. Miezi michache baadaye majaribio yakathibitisha kwamba kushoto na kulia havilingani kweli. Wachina wawili waliokuwa Marekani, Lee na Yang, walioshikilia swali hilo mapema na kulichapisha, wakabeba Tuzo ya Nobel ya 1957. Pauli alimwandikia Salam akikubali kwamba alikuwa ameharakisha, lakini Nobel ilienda kwa wengine.

Kazi yake kubwa ilikuja miaka ya sitini. Tuiweke hivi. Maumbile yana nguvu nne: uvutano, umeme-sumaku, na mbili za ndani ya kiini, moja kali na moja dhaifu. Hiyo dhaifu jina lake linakudanganya. Ndiyo inayoruhusu protoni kugeuka nyutroni, na bila hiyo hatua ya kwanza kabisa ya moto wa jua haifanyiki. Lile jua linalokuchoma kichwa saa saba mchana ukingoja gari Kibwezi, ukitazama vilima vya Chyulu vikitetemeka kwa joto, linawaka kwa sababu ya nguvu dhaifu. Kwa hivyo hiyo nguvu ya Ulaya iko hapa hapa, na inatukausha mahindi.

Sasa, umeme unafika mbali na nguvu dhaifu haifiki popote, haitoki hata nje ya kiini. Utasemaje hivi viwili ni kitu kimoja? Siri iko kwa mjumbe. Fotoni haina uzito, kwa hivyo ni kama boda isiyo na mzigo: itafika Mombasa na kupita. Wajumbe wa nguvu dhaifu ni wazito mno. Ni kama lori lililopakiwa kupita kiasi, hata Mtito Andei halifiki. Salam na Mmarekani Steven Weinberg, kila mmoja kivyake, mwaka 1967 na 1968 walionyesha kwamba wajumbe hao walianza wakiwa ndugu, wote bila uzito. Ulimwengu ulipokuwa changa na moto kupita kiasi, nguvu ilikuwa moja. Ulipopoa, baadhi ya wajumbe wakapata uzito na fotoni ikabaki nyepesi. Fikiria barafu na mvuke: ukivikuta kando kando utadhani ni vitu viwili, lakini pasha barafu joto la kutosha utajua yote ni maji. Sheldon Glashow alikuwa ametengeneza sehemu ya hesabu hizo mapema, mwaka 1961.

Kwa miaka kadhaa karibu hakuna aliyejali. Mwaka 1973 majaribio huko CERN, Geneva, yakaona dalili ya kwanza. Mwaka 1979 Glashow, Salam na Weinberg wakapewa Nobel. Salam alienda Stockholm amevaa kilemba, koti refu la kwao na viatu vyenye ncha zilizopinda juu, katikati ya suti nyeusi. Na mwaka 1983 CERN ikawanasa wale wajumbe wenyewe, W na Z. W ina uzito zaidi ya mara 80 ya protoni, Z zaidi ya mara 90. Lori kweli.

Lakini nikikuambia hivyo tu nimekupa nusu ya mtu.

Kwa sababu ile ahadi ya Lahore hakuisahau. Mwaka 1960 alisimama kwenye mkutano wa Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki akapendekeza kituo cha fizikia ya nadharia kwa ajili ya wanasayansi wa nchi maskini. Baadhi ya nchi tajiri hazikuona maana. Italia ikajitolea mahali na pesa, na mwaka 1964 kituo kikafunguliwa Trieste, kando ya bahari. Kwa ufupi kinaitwa ICTP.

Akili yake ilikuwa hivi. Ukimchukua kijana wa Kenya ukampa kazi Ulaya, umemuokoa yeye na umeua idara yake nyumbani. Badala yake, mwache aajiriwe kwao, kisha kila baada ya muda mlete Trieste kwa wiki kadhaa. Asome majarida mapya, abishane na watu wa kazi yake, ajaze kichwa, arudi. Ukambani tunalijua hilo jambo, tunaliita mwethya. Mnakutana, mnachimba matuta kwa nguvu ya pamoja, jioni kila mtu anarudi shambani kwake. Salam alianzisha mwethya wa fizikia.

Nchi yake, hata hivyo, ilimwacha njiani. Alikuwa mshauri mkuu wa rais wa Pakistan kwa mambo ya sayansi tangu 1961. Mwaka 1974 bunge lilibadilisha katiba na kutangaza kwamba Waahmadiyya si Waislamu. Salam alijiuzulu. Jumuiya hiyo iko Afrika Mashariki pia, na ndiyo iliyochapisha tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili mwaka 1953. Yeye mwenyewe hakuacha imani wala uraia. Alikaa na pasipoti ya Pakistan hadi mwisho, ingawa nchi nyingine zingempa ya kwao kwa furaha.

Miaka ya mwisho ugonjwa wa ubongo ulimnyang'anya miguu kisha sauti. Alikufa Oxford tarehe 21 Novemba 1996, akazikwa Rabwah, Pakistan. Kwa jiwe la kaburi walikuwa wameandika kwamba alikuwa Mwislamu wa kwanza kupata Nobel ya fizikia. Baadaye neno Mwislamu likafutwa, na sentensi ikabaki na pengo katikati. Mwaka uliofuata kifo chake, Trieste ilibadilisha jina la kituo kikawa Kituo cha Abdus Salam.

Na sisi? Wanasayansi wa Afrika walipokutana Trieste mwaka 1985, kwenye mkutano wa akademia ya nchi zinazoendelea ambayo Salam aliianzisha, ndipo wazo la akademia ya Afrika lilipopata nguvu. Mwaka huo huo ikaundwa, Mkenya Thomas Odhiambo akawa rais wake wa kwanza, na makao yake yako Nairobi. Mwaka 2018 ICTP ilifungua tawi la ukanda huu Kigali, ndani ya Chuo Kikuu cha Rwanda. Siku hizi si lazima ufike Italia.

Kuna kingine kinachonibamba zaidi. Watu hudhani utafiti wa kwanta lazima uwe na mashine ya mabilioni chini ya ardhi. Sehemu moja kubwa ya utafiti huo hufanywa kwa kompyuta tu: unachukua atomu za kitu fulani, unatumia hesabu za kwanta kutabiri kitakavyofanya kabla hata hakijatengenezwa. Paneli bora za sola. Betri bora. Moja ya programu zinazotumiwa sana kwa kazi hiyo, Quantum ESPRESSO, ilizaliwa Trieste, na ni ya bure. Kuna shule ya Afrika ya kufundisha hizo hesabu, ASESMA, na mwaka 2012 ilifanyika Eldoret. Eldoret, bana, si Zurich.

Na azimio la Umoja wa Mataifa lililofanya 2025 kuwa mwaka wa kimataifa wa sayansi ya kwanta liliwasilishwa na Ghana.

Tusidanganyane. Ukitoka Kibwezi uchukue ile lami ya kwenda Mutomo hadi Kitui, utapita shule ambazo maabara ni kabati moja. Salam alipata bahati ya pesa za vita iliyoisha, na kwa kila Salam kuna waliongoja mwaka uliofuata. Kituo cha Trieste alikijenga kwa ajili ya hao. Kina diploma ya mwaka mmoja kwa waliomaliza digrii kutoka nchi kama yetu, ilianza 1991, na anayechaguliwa hulipiwa masomo na pesa ya kuishi. Kama una mdogo wako au jirani anayesoma fizikia na watu wanamuuliza kazi atapata wapi, mpelekee hiyo habari kabla mwaka haujaisha.